Gari la Kukodi Kisiwani: Lafaa au Halifai?

Likizo za shule zinapokaribia, katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu huzuka shauri moja: safari hii twende Unguja. Wapo wanaokwenda kwa ndege kutoka Mombasa, na wapo wanaopitia mpaka wa Lunga Lunga hadi Dar es Salaam, kisha wakavuka kwa boti. Na nyuma ya shauri hilo hufuata swali jingine: je, tukifika tukodi gari letu wenyewe, au tuende kwa teksi na daladala kama waendavyo wenyeji?

Swali hili laonekana dogo, lakini ndilo linalogawa fedha za safari, na mara nyingine hugawa hata watu wa nyumba moja. Baba ataka gari ili asimngojee mtu. Mama ahesabu moyoni fedha zilizowekwa kidogo kidogo mwaka mzima. Vijana wataka pikipiki. Na bibi, ambaye magoti yake ndiyo yatakayochoka wa kwanza, aghalabu hakuulizwa.

Hatukusudii kumwamulia mtu. Twakusudia kuweka mbele ya wasomaji wetu vipimo vichache ambavyo kila nyumba yaweza kupimia hali yake kabla ya kutoa fedha.

Kisiwa kina ukubwa gani?

Kipimo cha kwanza ni kukijua kisiwa chenyewe. Unguja si Lamu. Katika Mji wa Lamu swali la gari la kukodi halipo, kwa kuwa vichochoro na punda vimekwisha kulijibu tangu zamani. Wala Unguja si bara, ambako mtu husafiri mchana kutwa na bado hajafika. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni takriban kilomita 85, na upana wake, pale palipo papana zaidi, haufiki kilomita 40. Mtu wa Mombasa apime hivi: mwendo wa kutoka Mombasa hadi Malindi unazidi urefu wa kisiwa kizima.

Kutoka Mjini hadi Nungwi, ncha ya kaskazini, ni kama kilomita 60. Hadi vijiji vya mashariki kama vile Paje na Jambiani ni baina ya kilomita 50 na 60. Kutoka uwanja wa ndege hadi Mji Mkongwe hazitimii kilomita 10. Mtu atokaye Mjini baada ya kustaftahi aweza kufika upande wowote wa kisiwa kabla ya Adhuhuri, ilimradi asisimame sana njiani.

Basi na tufanye hesabu ambayo wasafiri wengi hawaifanyi, hesabu ya saa ambazo gurudumu litazunguka. Tuchukue mfano wa familia ya watu sita waliopanga siku tano. Siku ya kwanza ni ya kufika na kupumzika Mjini. Siku ya pili watembea Mji Mkongwe. Siku ya tatu wahamia Jambiani, siku ya nne wakae ufukweni, na siku ya tano warudi Mjini kwa safari ya kwao. Gari lao litatembea kutoka uwanja wa ndege hadi Mjini, kutoka Mjini hadi Jambiani, na kurudi. Kwa jumla hazizidi saa nne au tano katika siku tano nzima. Saa zilizobaki litakuwa limeegeshwa chini ya mnazi, na kodi yake inaendelea kulipwa usiku na mchana.

Kwa familia kama hiyo, kukodi gari kwa siku tano ni kulipa ujira wa kitu kisichofanya kazi. Teksi mbili au tatu zilizopatanwa vyema zingewatosha, na kilichosalia kingewanunulia watoto samaki na urojo.

Mji Mkongwe haukujengewa magari

Yafaa tuutazame Mji Mkongwe peke yake, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapoanzia. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sehemu kubwa ya uzuri wake imo katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Milango ya nakshi, baraza, misikiti iliyobanana na nyumba za watu, vyote huonekana na mwenye kwenda kwa miguu. Mwenye gari huishia pembezoni, akitafuta mahali pa kuegesha, kisha akashuka atembee kama wenziwe.

Kwa hiyo, hata nyumba iliyokwisha kuamua kukodi gari, isilichukue siku ya kufika. Ikae Mjini kwanza bila gari, halafu ilichukue asubuhi ya siku itakayotoka kwenda shamba, kama wenyeji wanavyoviita vijiji vya nje ya mji. Jambo hili dogo laweza kupunguza siku mbili nzima za kodi.

Hata mahali fulani palipo nje kidogo ya Mji hapahitaji gari la kukodi. Magofu ya majumba ya kifalme ya Maruhubi na Mtoni yako kando ya barabara ya Bububu, na daladala za njia hiyo hupita siku nzima. Daladala za Unguja zina nambari kama zilivyo matatu zetu: 116 huenda Nungwi, 309 huenda Jambiani, na 310 huenda Makunduchi. Nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na teksi, na mazungumzo ya humo ndani ni sehemu ya likizo kwa mtoto anayetaka kusikia Kiswahili cha Unguja. Lakini hatusemi kwamba daladala ni ya kila mtu. Hujaa, husimama mara kwa mara, mizigo hupandishwa juu, na jioni hupungua. Mama mwenye mtoto mchanga na mabegi manne hataiona raha yake.

Pale ambapo gari lafaa

Haki ni kuyataja na ya upande wa pili. Zipo siku ambazo gari lina kazi ya kweli, na katika siku hizo kulikosa ni kujitia taabu bure.

Ya kwanza ni siku ya kuzunguka. Njia za daladala huanzia Mjini na kurejea Mjini, mfano wa vijiti vya mwavuli vinavyokutana kileleni. Mtu aliyeko Nungwi akitaka kwenda Paje kwa daladala, humbidi kwa kawaida arudi kwanza Mjini, kisha aanze upya. Mandhari nayo ina hila zake. Ukisimama Chwaka waiona Michamvi ng'ambo ya ghuba kama kwamba waweza kuigusa, lakini barabara haipiti juu ya maji. Humlazimu mtu aingie ndani ya kisiwa azunguke. Familia inayotaka kuona upande wa kusini wote kwa siku moja, yaani msitu wa Jozani, pwani ya mashariki na Kizimkazi, itafaidika na gari lake.

Na safari ya Kizimkazi twaisisitiza. Pale Dimbani upo msikiti ambao maandishi ya Kikufi katika kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Watoto wetu wanaosoma madrasa na kudhani kwamba historia yote iko mbali nao, wakasimama mbele ya maandishi yale, hurudi na maswali mazuri. Mahali kama hapo hapatembelewi kwa haraka, huku dereva wa teksi akitazama saa.

Ya pili ni siku ya mtu asiyeweza kungoja. Bibi mwenye maradhi ya magoti, mama mjamzito, mtoto ambaye tumbo lake halitabiriki, na mgonjwa wa sukari ambaye chakula chake kina saa yake: hawa gari lao si anasa. Nyumba yenye mtu kama huyo isijione imefuja mali kwa kukodi.

Ya tatu ni wingi wa watu. Teksi ya kawaida haibebi watu saba. Familia inayohitaji teksi mbili kwa kila mwendo, basi gari moja kubwa kwa siku huenda likawa rahisi kuliko hizo mbili. Hapo ni hesabu tu. Kalamu na karatasi vitasema.

Na kuna kalenda ya bahari, ambayo sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kuisahau. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana, na hasa wakati wa bamvua. Watoto waliotaka kuogelea hubaki wakitazama mchanga na kina mama wa kijiji wakishughulikia mashamba yao ya mwani, kazi iliyoanza kwa biashara kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo wengi wa wafanyaji wake ni wanawake. Tazama miezi ya Kiislamu: bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Saa za maji makavu ndizo za kutembea na gari. Saa za maji kujaa ndizo za kukaa ufukweni. Mwenye kupanga hivi huweza kutosheka na gari la siku moja, au mbili kwa wingi.

Nani atashika usukani?

Tumefikia kipimo tunachokiona kuwa kizito kuliko vyote, nacho husahauliwa zaidi. Gari la kukodi halijiendeshi. Lazima mmoja wa watu wa nyumba awe dereva, na mtu huyo hatakuwa na likizo siku hiyo. Ataiona barabara, hataiona pwani. Na aliyekaa kando yake, aghalabu mama wa nyumba, atakuwa msoma ramani, mtuliza watoto na mgawa chakula kwa wakati mmoja. Wote wawili watarudi wamechoka, na uchovu huo ndio mzazi wa ugomvi mwingi wa safari.

Kwa Mkenya, uzuri mmoja ni kwamba Unguja huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Lakini barabara ya ugenini ni ya ugenini. Baadhi ya barabara za Unguja zimepanuliwa na kutengenezwa vyema miaka ya karibuni, na ubora huo wenyewe hualika mwendo wa kasi, ilhali vijiji viko pale pale ukingoni mwa lami. Watoto hutoka chuoni kwa makundi, mbuzi huvuka, na baiskeli nyingi hazina taa. Katika barabara inayokata msitu wa Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, matuta yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, wanyama wasiopatikana popote duniani ila Zanzibar, ambao walikuwa wakigongwa na magari. Ikiwa kima amewekewa matuta, mwana wa Adamu astahili zaidi sisi tupunguze mwendo wenyewe bila ya tuta.

Usiku ndio mtihani mkubwa. Magharibi kisiwani huingia mapema, kabla ya saa moja, na giza hushuka kwa ghafla. Nje ya mji taa za barabarani ni chache. Nasaha yetu ni moja na hatuoni haya kuikariri: asiyeijua barabara asiendeshe usiku. Kama mmeamua kukodi gari, basi funguo ziwekwe chini kabla ya adhana ya Magharibi, hata kama chakula cha jioni kiko kijiji cha pili. Bima yaweza kulipa kioo na bampa. Lakini aliyemgonga mtoto wa watu, hata kwa bahati mbaya, hatorudi nyumbani na moyo aliokuja nao, wala mama wa mtoto yule hatalipwa kwa karatasi.

Wala tusiwasahau vijana wetu. Kukodi pikipiki au vespa huonekana rahisi na nafuu. Kijana asiyeendesha pikipiki Mombasa asijifunzie Unguja. Mzazi aseme hapana, na aseme kabla ya kupanda boti, wala asingoje hadi mbele ya duka la kukodisha.

Ipo njia ya katikati ambayo wengi hawaifikirii: kukodi gari pamoja na dereva wake kwa siku moja. Ujira wake huzidi kidogo wa gari tupu, lakini hesabuni ndani yake kwamba mafuta, vizuizi vya polisi, mahali pa kuegesha na kuijua njia vyote vimo mikononi mwa mwenyeji. Baba hugeuka akazungumza na wanawe. Mama hulala njiani akitaka. Kina dada wanaosafiri wenyewe kwa wenyewe pamoja na watoto, wasiopenda kuendesha ugenini, hii huwafaa zaidi. Wamtafute dereva kupitia nyumba waliyofikia au jamaa anayejulikana, wala wasimchukue yule wa kwanza anayewakimbilia bandarini. Na patana naye mapema kwamba kutakuwa na vituo vya Adhuhuri na Alasiri. Misikiti iko kila kijiji. Kinachohitajika ni dereva ajue tangu asubuhi, na aulize ni upi wenye mahali pa wanawake.

Mkataba kabla ya funguo

Kukodi gari ni ijara, na wanazuoni wetu wameweka nguzo ambazo hata mfanyabiashara asiyezisoma hunufaika nazo: manfaa yajulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Kila ugomvi wa magari ya kukodi tunaousikia hurudi kwenye mojawapo ya hayo matatu kuachwa gizani.

Basi, kabla ya kupokea funguo, ulizeni haya. Siku moja ni saa 24, au ni mpaka jioni? Je, kuna kikomo cha kilomita? Mafuta hurudishwaje, kwa kiasi kilichokutwa au tanki lijazwe? Bima ni ile kubwa au ndogo tu, na gari likipata dosari mkodi atatoa kiasi gani mfukoni mwake? Dhamana ni ngapi, inarudishwa lini, na kwa shilingi ya Kenya, ya Tanzania au dola? Ni nani wameandikwa kuwa madereva? Mke akishika usukani ilhali jina lake halimo, bima huenda isimlinde.

Halafu leseni. Zanzibar ina mamlaka yake katika mambo ya usafiri wa barabarani, na mgeni asidhani kwamba leseni ya kwao pekee yamtosha. Mwulize mwenye gari, kabla ya kulipa, kibali gani chahitajika na nani atakishughulikia, kisha kiwe mkononi, si ahadi. Polisi husimamisha magari mara kwa mara, na mgeni mwenye karatasi zake kamili huvuka kwa salamu tu.

Zungukeni gari mchana, si usiku. Pigeni picha kila mkwaruzo, tairi zote nne na la akiba, jeki, kioo, na geji ya mafuta, mbele ya mwenye gari mwenyewe. Jaribuni mikanda ya viti vya nyuma, maana ndipo watakapokaa watoto, na mingi huwa imemezwa na viti. Gari lisilokuwa na mikanda ya watoto wenu, hata likiwa rahisi, liacheni. Na kumbukeni upande wa pili wa ijara: gari lile mkononi mwenu ni amana. Kulipeleka kwenye mchanga wa ufukweni likazama, au kulisukuma maji ya mvua yasiyojulikana kina chake, ni kuiharibu mali ya mtu ambaye huenda hana jingine. Likizo ya Aprili hasa huangukia masika, na katika mwezi huo mara nyingi ni bora kuwa na dereva mwenyeji anayejua ni wapi maji husimama.

Shauri la nyumba nzima

Baada ya vipimo hivyo, labaki jambo la namna ya kuamua. Tumezoea kwamba mwenye mfuko ndiye mwenye neno. Lakini katika safari, anayelipa na anayebeba uzito si lazima wawe mtu mmoja. Baba hulipa, bibi huumwa na magoti. Baba hupanga njia, mama ndiye anayembeba mtoto aliyelala kutoka kituoni hadi nyumbani. Kwa hiyo twashauri waketi pamoja usiku mmoja kabla ya safari, na wa kwanza kuulizwa awe yule ambaye safari itamlemea zaidi. Aseme bibi: Mimi naweza kutembea mpaka wapi? Aseme mama: Siku gani nataka kukaa tu, nisiamshwe? Ndipo aseme baba: Niko tayari kuendesha siku ngapi?

Andikeni siku zote za safari katika karatasi moja. Mbele ya kila siku andikeni mahali mtakapokwenda na maji yatajaa saa ngapi. Kisha tieni alama siku ambazo, bila gari, mmoja wenu ataumia au atakosa alichokifuata. Siku zenye alama ndizo siku za gari, na nyumba nyingi zitakuta ni siku moja tu, au mbili. Nyumba itakayokuta ni siku zote, basi ikodi bila kusita na bila kujilaumu, maana imepima. Na itakayokuta hakuna hata moja, isione haya mbele ya majirani waliokodi. Kisiwa ni kidogo, na hata mwenye kwenda polepole hufika.

Tunawatakia nyote safari ya salama na marejeo mema.